Wiebren Hoekzema na Waya Uliochomolewa

Siku ya Jumatano tarehe 8 Januari 2020, nyumbani kwake Enschede, kando ya kitanda walikuwepo mkewe Geesje, binti yake Jantina, mwanawe Roelf, jirani yake Bwana Lubbers, na kaka yake Harmannus, anayewasomea historia hii; marehemu aliwatazama mmoja mmoja, kisha akauliza, "Femke hajaja?"

Wiebren Hoekzema alizaliwa Winschoten tarehe 3 Februari 1948, mtoto wa pili wa fundi saa, akasoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari na chuo kikuu Groningen, na mwaka 1974 akamwoa Geesje Oldenhof, wakajaliwa watoto hao wawili.

Tangu mwaka 1979 alifundisha fizikia mjini hapa, na kazi aliyojitolea ilikuwa kuigeuza sumaku iliyomo katika utando wa chuma, mwembamba kuliko ganda la kitunguu mara elfu kadhaa, kwa nguvu ya volti peke yake. Tarehe 14 Machi 1996, utando ulipopozwa na kupewa umeme, sumaku iligeuka, na mwanafunzi wake Femke Brandsma akapaza sauti, "Profesa, imetii! Leo keki unanunua wewe, na usitukatie vipande vidogo kama vya kulisha ndege!" Makala ikachapishwa, na tasnifu ya Femke ikajengwa juu yake.

Mwezi Mei 1998, wiki tatu kabla Femke hajaitetea tasnifu hiyo, Wiebren alirudia kipimo waya ukiwa umechomolewa, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla, kwa kuwa kila walipoanza kupoza waliwasha na umeme. Sumaku iligeuka vilevile. Gundi iliyoushika utando ndiyo iliyokuwa ikijikaza kwa baridi na kuuvuta.

Femke alimsihi, "Wiki tatu tu, Profesa. Gundi haina mdomo."

Siku hiyo hiyo Wiebren aliiondoa makala jaridani. Femke hakupata shahada, akahamia Hengelo bila kuaga, na Wiebren hakugusa tena keki kazini.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Septemba 2019. Mwezi Desemba alimwandikia Femke, akimwomba radhi, si kwa kuiondoa makala, bali kwa kutomtafuta miaka yote hiyo. Alifariki Ijumaa tarehe 10 Januari, saa tisa alasiri, baada ya kuuliza kama mtu wa posta amepita.

Tunawashukuru Daktari Ter Horst na wauguzi wake, Bwana Lubbers kwa supu ya njegere ya kila siku, na wafanyakazi wenzake wote. Pumzika, Wiebren, kazi yako umeiacha safi.

Tunamshukuru pia Bibi Hilda Brandsma, ambaye jibu lake kwa barua ile ya Desemba tulilipokea jana. Mdogo wake, Femke, alifariki Hengelo, tarehe 2 Novemba 2017.