Mzee Nukta Anaiacha Mashine Yake

Baada ya miaka ishirini na mmoja kazini, Mzee Nukta anastaafu Ijumaa hii, kabla ya wakati wake. Nimeombwa niandike maneno ya kumuaga mimi ninayewapikia chai hapa ofisini, na mkono ni mzito kweli.

Jina la Nukta alipewa na vijana. Kazi yake ilikuwa kulinda kurasa za tovuti zisiharibike. Mashine hupiga picha ya ukurasa, huilinganisha na picha ya jana, na nukta yoyote iliyobadilika huipaka nyekundu. Mzee hakuachia hata moja. Walimtania kwamba mkewe akisuka nywele, lazima kwanza adai picha ya juzi alinganishe. Alicheka mpaka miwani ikatumbukia kwenye chai.

Shida ni kwamba herufi ile ile, kompyuta hii huichora ukingo mwembamba, nyingine mnene kidogo. Jicho halioni, mashine inaona, kazi inakataliwa. Binti yangu, aliyekuwa akijifunza chini yake, kazi yake ilikataliwa wiki nzima, akaja kulia jikoni kwangu. Mzee akamwonea huruma, akailegeza mashine ipitishe tofauti ndogondogo.

Kwenye ukurasa wa duka la dawa ikapotea nukta ya desimali, kitu kidogo kuliko hata ukingo wa herufi. Mashine ikapitisha. Dawa ya mtoto, mililita 2.5, ikasomeka 25. Mfamasia aliwahi kupiga simu kabla hajanyweshwa mtoto yeyote, Mungu ashukuriwe. Mimi ni mama.

Mzee hakumtaja binti yangu. Alimwambia mkuu kwamba aliyelegeza ni yeye. Kisha akairekebisha mashine: kingo za herufi zivumiliwe, lakini penye vipimo vya dawa isisamehewe hata nukta moja. Mpaka leo ndivyo ilivyo.

Ila kile kicheko hakikurudi. Alipoomba kuondoka, mkuu alimsihi, nami nikamsihi birika likiwa mkononi. Akasema tu kwamba chai ya leo imekolea.

Mzee wetu, asante. Hakuna mtoto aliyedhurika, naomba ulale ukilijua hilo. Kiti chako anakalia binti yangu, na pale penye vipimo hathubutu kulegeza. Nenda ukapumzike na mama watoto wako, maisha yakunyookee. Akisuka nywele, mwambie amependeza, basi. Picha ya juzi usiidai.