Kinini ya Ndaya

Benchi yetu iko nyuma ya gare ya treni ya Kamina, pale Mama Élisa anauzisha kahawa. Ile asubuyi Umba alifika anatoka jasho. Binti yake Ndaya, wa miaka munane, iko analala mu giza ya nyumba, kichwa inamuluma upande moja mpaka anatapika. Infirmier, muuguzi wa ku dispensaire, alisema ni migraine, lakini kule dawa ilikwisha. Ku soko banamutilia Umba kinini tatu za kumeza mu karatasi, kila moja na rangi yake, banamwambia: «Chagula weye mwenyewe.» Sasa yeye alileta ile kazi kwetu, Vidye wami, Mungu wangu!

— Migraine? alisema Mwenze, tunamwitaka Chef-de-Train, na koti yake ya abacost, anakula pension ya reli. Ile ni ugonjwa ya ba-directeur! Mutoto hana bureau, hana bibi, ataipata wapi?

— Chef, iko anatapika, Umba alisema.

— Bon. Umupe ya rose, ile pinki. Rose ni ya banamuke.

— Hapana! alilalamika Caporal Bokungu wa ku base ya baaskari. Ya rangi mbili njo muzuri. Nusu nyekundu inashika maumivu, nusu ya manjano inaisindikiza inje.

— Inje kupitia wapi?

— Ku masikio!

— Umba, rudia kwa infirmier, akuchagulie, minyi nilisema. Ku benchi hakuna mwenye alinisikia.

— Ngoja, citoyen, Caporal alinikata. Ku base, chakula ya commandant, muntu anaionja kwanza. Dawa ya mutoto vile vile.

Caporal alimeza ya rangi mbili.

— Unasikia nini?

— Hakuna kintu.

— Sababu kichwa haikulumi! Chef-de-Train alikasirika. Expérience gani hii, kujaribu dawa bila ugonjwa?

Chef yeye mwenyewe alimeza ya rose, akajigonga kichwa ku ukuta, pah! pah!

— Sasa inaluma... Ngoja... Eh! Inapunguka!

— Inapunguka sababu uliacha kujigonga, nilisema.

— Weye ulisomea udaktari wapi?

Ilibakia moja, ya nyeupe. Umba aliikamata, akaitazama.

— Na kama hii inaua? Ni mutoto wangu. Basi iniue minyi kwanza.

Aliimeza na kahawa yangu. Tulingoja. Hakukufa. Aliruka na furaha:

— Njo hii! Hii njo dawa ya Ndaya!

Pale pale Ndaya alitokea ku kona, kitambaa ku macho, anafwata ukuta na mukono. Jua ilikuwa inamutesa. Nilimusikilia huruma.

— Papa, dawa yangu iko wapi?

Chef-de-Train alitazama reli. Caporal alipindua karatasi: hakukubakia kinini hata moja. Umba alimufunika mutoto macho na mikono yake mbili, na alilia.