Mama wa Mlangoni na Simu za Mabenchi

Waraka Namba Tatu Kuhusu Utaratibu wa Kukaa, Kusimama na Kuhamahama Ndani ya Nyumba ya Ibada, ambao wengi wenu mliusikia ukisomwa na wachache mliuelewa, ulitolewa na baraza la kanisa hili kwa ajili ya mtu mmoja, naye ndiye tunayemzika leo. Ulimkataza kumwinua mgeni aliyekalia nafasi ya mwenyeji. Aliupokea kwa heshima, akaubandika mlangoni kwa mkono wake, na Jumapili iliyofuata akamwinua mgeni, akimweleza kwa upole kwamba baba huyu ana goti bovu na hapo ndipo linaponyooka.

Mimi ni mtoto wa mdogo wake, na familia imeniomba nisome haya mbele yenu ninyi wachache mlioruhusiwa kuingia, pamoja nanyi wengi mnaosikiliza kupitia simu ya mchungaji, ambao mnaombwa mzime redio.

Mama mkubwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1958, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1969, ambako alisifiwa kwa sauti yake na kuadhibiwa kwa sauti hiyohiyo. Mwaka 1970 aliajiriwa kuwa opareta wa simu, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2004, akichomeka na kuchomoa waya, akiwaunganisha watu ambao hakuwahi kuwaona, na kuwakatia kwa adabu waliotukana. Fundi umeme mmoja alikuwa akipiga kila siku kulalamika kwamba laini yake ni mbovu, laini ikakaguliwa, ikaonekana nzima, wakafunga ndoa hapahapa tarehe 7 Desemba 1974, wakajaliwa binti na kijana. Mumewe alitangulia mwaka 2009, na tangu hapo mama mkubwa akajitolea kupokea watu mlangoni mwa kanisa, akisimama tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka.

Ugonjwa ulipoingia Machi mwaka huu na makanisa yakafungwa, tulitangaziwa kwamba ibada zitapatikana mtandaoni, habari njema kwa wenye mtandao. Wazee wetu wengi wana simu za vitufe, na mama mkubwa aliogopa kwamba mtu anaweza kuugua, hata kufa, kanisa lisijue. Akapendekeza kila asubuhi mchungaji ampigie wa kwanza wa benchi la mbele, huyo ampigie anayekaa kushoto kwake, na wa mwisho wa benchi ampigie wa kwanza wa benchi la nyuma yake, wasomeane aya moja, waulizane hali, na asiyepokea afuatwe kwake siku hiyohiyo. Baraza lilijibu kwamba wazo ni zuri, ila lazima lipitishwe na kikao, na vikao vimepigwa marufuku. Akaona kwamba jambo lisiloweza kupitishwa haliwezi pia kukataliwa, akaanza kesho yake.

Kwenye benchi la sita kulikuwa na fundi cherehani na muuza mkaa, majirani ambao hawakuwa wamesalimiana tangu ugomvi wa ua wa mpakani, ingawa walikaa bega kwa bega kila Jumapili, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana ndiye aliyehama. Muuza mkaa aliomba arukwe. "Miaka yote hiyo kiti hukukiacha," mama mkubwa alimwambia, "simu ndiyo itakushinda? Mpigie, baba." Simu ya kwanza, kwa maelezo yao wote wawili, ilikuwa hivi: "Upo?" "Nipo." "Haya." Baadaye wakaongeza aya, kisha lawama, kisha habari za wajukuu. Asubuhi moja ya Mei fundi hakupokea, muuza mkaa akaruka ua waliougombania, akamkuta sakafuni akihema kwa shida, akamkimbiza hospitali. Fundi amepona, na anatusikiliza sasa hivi.

Ijumaa tarehe 5 Juni mama mkubwa alifua, akaanika, akashikwa na homa. Simu ziliendelea bila hitilafu, na Jumapili mtu wa mwisho wa benchi la mwisho alimtaarifu mchungaji kwamba waumini wote wamepatikana, mchungaji akashukuru kwa sala. Utaratibu ulifuata viti, na anayesimama mlangoni hana kiti, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumpigia, na yeye, opareta kwa tabia, hakukumbuka kujiunganisha. Jumatatu jirani yake, mama mfuga kuku, aliona nguo za Ijumaa bado ziko kambani, akaita, akasukuma mlango, akatafuta gari la kumpeleka hospitali. Mama mkubwa alifariki huko Jumanne tarehe 9 Juni, alfajiri, wanawe wakiwa wamekwama kwenye barabara zilizofungwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliofanya kazi bila kulala, majirani wa mtaa mzima, maopareta wastaafu waliotuma salamu, mchungaji, na kila benchi la kanisa hili. Pumzika, mama mkubwa, amani iwe kwako, umesimama vya kutosha.

Mwisho, familia imeniomba nisahihishe tangazo lililobandikwa getini, linalosema kwamba marehemu aliaga dunia akiwa amezungukwa na waumini wenzake. Limeandikwa kwa nia njema, na ndivyo matangazo yetu yanavyoandikwa siku zote. Hospitali iliruhusu mtu mmoja tu. Aliyekuwepo ni mama mfuga kuku, ambaye si wa kanisa letu, na ndiye aliyemshika mkono.