Siku Moja kwa Farasi

Kijiwe cha Abdulwahab muuza kahawa kipo njia panda, pale bodaboda wanaotoka Segese wanapopoza injini. Asubuhi hiyo utani ulikuwa kidogo. Kesho yake mkuu wa mkoa alikuwa anakuja kusikia kijiji kinataka kubaki wilaya hii au kuhamia ile, na aliyechaguliwa kusema ni Mageni. Jamani, Mageni! Mtu ambaye tangu masika, mkewe Asteria alipofia juu ya bodaboda akipelekwa hospitali ya wilaya kujifungua, kauli yake imekuwa ya kuokoteza. Wenzake wakaona wamsaidie.

— Nisikilize, alianza Davis, aitwaye Atlasi, aliyeachiwa kitabu cha ramani na padri Mfaransa. Kwao Ufaransa kuna mkoa mdogo, wao huita depatimenti. Lozeri. Milima na mifugo, watu wachache. Makao makuu yake Mende.

— Mende huyu wa jikoni? akauliza Zamoyoni, aitwaye Waziri, ambaye hata ujumbe wa kitongoji hajaupata.

— Mji, bwana! Zamani walipogawa nchi walisema kila mtu afike makao makuu kwa siku moja, kwa farasi. Kawaambie hivyo.

— Farasi gani hapa? Tupime kwa ng'ombe.

— Ng'ombe atasimama kula.

— Basi makao makuu yenyewe yatembee! Jumatatu hapa, Jumanne Bulyanhulu. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

— Hiyo imeingiaje?

— Imeingia kama ulivyoingia wewe.

Mageni alizungusha kikombe. Alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Kila akiwaza la kusema kesho, aliiona ile mbuga ya njia ya hospitali, pikipiki imezama topeni, na mkono wa Asteria umemshika shati.

Paskazia, mke wa fundi cherehani, aliyeolewa hapo juzi juzi, alikuwa amesimama kusubiri kahawa ya mumewe, tumbo likiwa mbele.

— Shikamooni. Samahani, baba zangu. Na mwenye uchungu naye alipanda huyo farasi?

Abdulwahab aliinamisha birika, halikutoa kitu.

Mageni akasimama.

— Mwanangu, kesho njoo kikaoni, ukae mbele.

— Mimi, baba? Nikaseme nini?

— Uliza hilo hilo. Mimi nikiuliza, nitalia.