Bi Zuena, Aliyengoja Salamu Ziishe

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya uuguzi, Bi Zuena Mfaume anastaafu tarehe 30 Juni. Ukiondoa miaka michache ya mwanzo aliyokaa hospitali ya wilaya, Kilindoni, utumishi wake wote ameutoa katika zahanati yetu ya Bweni.

Wengi wetu tulipokelewa na mikono yake tulipozaliwa. Hata hivyo, jina lake limeshikamana zaidi na chumba cha mwisho, chenye kioo kikubwa na kamera, ambacho wazee wanakiita runinga ya daktari. Tangu mashine hiyo ilipofungwa, mgonjwa wa Bweni anaonana na daktari aliyeko Dar es Salaam bila kurushwarushwa na barabara ya Kilindoni.

Siku za mwanzo zilikuwa na vituko. Mzee Muhidini aligoma kutaja kinachomuuma kwa sababu kijana wa kwenye kioo hakumwamkia. Kumbe mtandao ulikuwa mzito. Shikamoo ilipofika, mzee ameshavaa kofia yuko mlangoni. Akageuka: "Marahaba, lakini umechelewa!" Bi Zuena alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini aliona pia jambo lisilochekesha. Watu wetu wakiulizwa hali husema salama, alhamdulillahi, hata kama wameletwa wamebebwa. Ni adabu tu. Ugonjwa husemwa baadaye. Daktari wa kwenye kioo, mwenye foleni ndefu na mtandao wa kukatikakatika, huisikia salama hiyo akaita mwingine. Kwa hiyo Bi Zuena alikaa kando ya kila mgonjwa, akangoja salamu ziishe, kisha akamgusa goti: "Haya, sasa mwambie."

Mwaka jana alikwenda likizo, na hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake. Mlinzi alimwashia mashine Bimkubwa, msusi wa makuti, akamwacha peke yake. Aliulizwa kama hajambo. Akajibu hajambo. Akaambiwa aendelee na dawa zilezile. Kifua kilikuwa kikimbana tangu alfajiri. Tulimzika Ijumaa.

Aliporudi, Bi Zuena aliomba afundishwe mtu wa kukaa kwenye kile kiti cha pembeni. Ameomba hadi sauti imemkauka. Katika kikao cha kupanga sherehe ya kumuaga, mgeni mmoja kutoka ofisi ya afya ya wilaya alimtania: "Mama, unastaafu wewe, mashine haistaafu!" Watu wakapiga makofi. Yeye hakupiga.

Tarehe mosi Julai mashine itawashwa kama kawaida, na kiti kitakuwa kitupu. Tungependa kuandika kwamba mambo ni salama. Yeye mwenyewe ametufundisha tusiseme hivyo.

Bi Zuena, ahsante kwa kutusikiliza. Mungu akupe afya, usingizi mzuri na wajukuu wenye adabu. Na tukikutana njiani tukakuuliza hujambo, usifanye haraka kujibu. Tutangoja salamu ziishe.