Nicodemus Ogola, Mshonaji wa Magunia

Marehemu Nicodemus Ogola alizaliwa Gem, Nyanza, tarehe 4 Machi 1917. Mdogo wake alipozaliwa, marehemu alihamia kwa nyanya yake wiki mbili nzima, kwa sababu wageni walikuwa wanamtazama mtoto.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Aliacha mwaka ambao mwenzake wa dawati alikuwa wa kwanza.

Mwaka 1938 alifika Nakuru, akaandikwa kazi ya kushona magunia katika ghala la mahindi karibu na stesheni. Kila gunia hufungwa pembe mbili za juu, ziitwazo masikio, ili mpakiaji apate pa kushika. Kwa miaka kumi na minne hakuna aliyemfikia kwa kasi. Ndipo akaja mshonaji mwingine, Dalmas.

Alimwoa Eucabeth Akoth tarehe 12 Disemba 1942. Waliishi vizuri, ila jioni moja mkewe alisema, "Nasikia huyo Dalmas ana mkono mwepesi wa kushona." Marehemu aliacha ugali ukapoa.

Februari 1956 nyapara alistaafu, na nafasi yake ikawa ya mshonaji bora. Asubuhi ya kuamuliwa, marehemu alifuta alama ya chaki ya Dalmas kwenye magunia ishirini akaandika yake. Wapakiaji waliyainua mara moja tu.

"Haya ni ya Dalmas," mmoja akasema. "Masikio ya mzee Ogola hukata vidole."

Marehemu angefukuzwa siku hiyo. Dalmas, akiwa tayari nyapara, alisema, "Mwacheni. Sisi tunashona pamoja." Kufukuzwa angekuvumilia. Kutetewa na Dalmas kulimshinda, na kwa zaidi ya miaka miwili hakumsalimu.

Juni mwaka huu kifua kilimlaza hospitalini. Hata huko alilalamika kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili anakohoa vizuri kumshinda. Dalmas alimletea uji kila Jumapili. Uliliwa, lakini salamu haikutoka. Jumapili ya mwisho marehemu aliweka kikombe chini.

"Dalmas, omera, ndugu yangu. Yale magunia yalikuwa yako."

"Najua."

"Basi utashika jeneza mbele, upande wa kulia. Na usibebe kwa madoido. Siku hiyo watu wanitazame mimi."

Alituaga tarehe 19 Agosti 1958, alfajiri.

Ameacha mjane, Eucabeth Akoth. Watoto, Rahab, Hezron na Akeyo. Mdogo wake, Yona, ambaye marehemu alimsamehe kosa la kuzaliwa. Na Dalmas, ambaye leo amebeba mbele kulia, akitembea polepole, macho chini, bila madoido yoyote.

Nicodemus, tunakutazama wewe. Lala salama kwa Bwana.