Dorika wa Sekenke, Muuza Rupia Zilizokataliwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja, ninyi wenye redio na ninyi mliokwenda kusikilizia kwa jirani. Jioni hii tunamkumbuka Bibi Dorika, mjane wa marehemu Simeoni, wa Sekenke, huko Iramba. Amezikwa wiki iliyopita. Kazi yake ilikuwa kununua na kuuza rupia za Mjerumani. Narudia kwa waliochelewa: tunamkumbuka Dorika wa Sekenke, muuza rupia.

Vijana watauliza, rupia za nini tena? Mjerumani alipoondoka, Mwingereza alileta shilingi. Rupia zikakataliwa dukani, zikakataliwa kwenye kodi. Lakini zilikuwa za fedha, fedha ile ya bangili, na wazee wengi walikuwa wamezifukia ndani ya nyumba zao. Simeoni alipita kijiji kwa kijiji akizinunua. Alizipeleka Singida mjini kwa sonara wa Kihindi, naye akaziyeyusha kuwa bangili na mikufu. Biashara ilikwenda vizuri. Simeoni alinunua ng'ombe. Dorika alizaa Lea, kisha akazaa Sara.

Halafu mambo yakaharibika. Ng'ambo huko bei ya fedha ilianguka, ikaanguka tena. Huku nyumbani nzige walishuka, wakala mtama hadi mabua. Kila nyumba ilitafuta shilingi za kodi, na kila aliyekuwa na rupia alizileta kwa Simeoni. Zilikuwa rahisi kuliko wakati wowote, naye akanunua. Ng'ombe wake walikwenda mmoja mmoja, rupia zikaja, hadi akabaki jike mmoja wa maziwa.

"Bei itapanda," alimwambia mkewe.

"Na isipopanda?"

"Itapanda tu, mama Lea."

Haikupanda. Sonara alinunua kidogo, kisha akaacha kabisa. Simeoni akasikia kwamba watu wa Rungwa wameuza nta na wana shilingi. Akajaza mfuko, akaondoka na mdogo wake, Filipo. Homa ilimshika porini kabla hawajafika. Filipo alimzika huko huko, akarudi peke yake na mfuko wa rupia begani. Aliuweka chini mbele ya Dorika. Dorika aliutazama mfuko akaelewa.

Wasikilizaji wapendwa, fikirini hali ya mama huyu. Ana chungu kimejaa fedha na hana unga. Alikwenda na rupia dukani, zikakataliwa. Alikwenda nazo kwa mwenye nafaka ya uwele, akaambiwa, "Mama, hizi nitazipika?" Walikula mlenda mtupu. Walikula mizizi waliyochimba mbugani Wembere. Sara, aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama, alidhoofika. Maziwa ya yule ng'ombe hayakutosha. Sara alikufa kabla mvua hazijanyesha.

Lea, ambaye sasa ni mama mwenye watoto wake, alitusimulia hivi: "Baada ya kumzika mdogo wangu, mama alizitoa rupia zote akazimwaga uani. Nilidhani anataka kuzitupa. Alizitazama mpaka jua likawa kali, halafu akazirudisha kwenye chungu, akajifunga kanga."

Dorika alibeba rupia akapanda mteremko wa Sekenke kwa miguu, akaenda hadi Singida. Sonara alimkuta amekaa mlangoni. Alizipima, akataja bei. Ilikuwa bei ya kumfanya mtu alie.

"Bwana, mume wangu alikufa kwa ajili ya hizi," Dorika alisema.

"Pole, mama. Lakini mimi mwenyewe nimelalia fedha kama hiyo. Nikiongeza bei, wanangu watakula nini?"

"Basi wewe unaishije?"

Sonara alimwonyesha meza yake. Palikuwa na mikufu iliyokatika na bangili zilizopinda. "Natengeneza vya watu. Sinunui kitu kabla sijajua nani atakichukua. Na nauza kwa mwenye mshahara tu. Mwenye shamba mwaka huu hana kitu."

Dorika hakuuza. Alirudi na mzigo wake, na njia nzima, alivyokuja kumwambia bintiye, alikuwa akiwaza juu ya mwenye mshahara.

Sasa, karibu na Sekenke palikuwa na mgodi mdogo wa dhahabu wa mzungu mmoja. Mazao yalikuwa yameanguka bei na fedha imeanguka bei, lakini dhahabu ilikuwa inapanda. Pale wanaume walilipwa shilingi. Walitoka mbali, na wengi walizimaliza kwenye pombe kabla ya kukumbuka nyumbani. Dorika alitandika mkeka karibu na njia, siku ya mshahara, akazipanga rupia chache.

Wa kwanza kusimama alikuwa kijana wa Mgori, mbele ya Singida, jina lake Ignas.

"Shikamoo, mama. Hizi si zimekatazwa?"

"Marahaba. Zimekatazwa, ndiyo. Kilabuni hawazipokei. Ndiyo maana nakuuzia."

Ignas alicheka. Dorika akaendelea. "Mshahara wako ukiwa shilingi, utakunywa. Ukiwa rupia, utakaa. Siku ya kwenda kwenu, niletee, nitaichukua tena. Nitapunguza senti kidogo, hizo ni zangu. Au upeleke kwa mama yako umtengenezee bangili."

Ignas alinunua moja. Mwezi uliofuata akanunua nyingine, akaleta wenzake. Hivyo ndivyo Dorika alivyopona, wasikilizaji wapendwa. Hakungoja bei ya ng'ambo ipande. Alipata senti rupia ikienda, akapata senti ikirudi. Hakununua rupia hata moja kwa wazee kabla ya kuwa na mtu wa kuichukua. Shilingi za wachimbaji alizitia kwenye kibuyu, akakitundika juu ya moto. Unga walinunua kwa zile senti zake tu. Kibuyu hakikuguswa. Lea alikatazwa hata kukitikisa.

Lakini kiliguswa, na hapa ndipo pagumu.

Askari wa kodi walikuja kumchukua Filipo. Alikuwa hajalipa mwaka ule wala ule wa nyuma yake. Walimfunga kamba mikononi. Wangempeleka kutengeneza barabara, na mwili wake ulikuwa bado na homa aliyotoka nayo Rungwa. Mkewe alikuja uani kwa Dorika, akakaa chini. Dorika aliingia ndani akateremsha kibuyu.

Filipo ni mzee sasa. Alituambia, "Nilimwambia, shemeji, hizo si zako. Akaniambia, najua, nyamaza. Akanilipia. Nilitembea kurudi nyumbani nikiona aibu kuliko siku waliyonifunga."

Dorika alijiambia kwamba atazirudisha kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Hakumwambia mtu. Hakupata miezi hiyo.

Maji yaliingia kwenye shimo la mgodi. Hakufa mtu, lakini mashine ya kuvuta maji iliharibika, na mzungu akatangaza kwamba kazi imesimama. Kila mtu aende kwao. Asubuhi yake Dorika alifungua mlango akawakuta wanaume wamejaa uani, kila mmoja na rupia zake.

"Mama, tumekuja. Tunakwenda kwetu."

Alitoka na kibuyu. Aliketi kwenye kigoda akaanza kulipa. Mmoja alipokea, akaondoka. Mwingine akapokea. Lea alisimama nyuma ya mama yake na kila shilingi ilivyotoka aliona shingo yake ikilowa jasho. Kibuyu kilizidi kuwa chepesi. Kisha Dorika akakigeuza, na hakikutoka kitu.

Waliobaki walikuwa wengi.

"Ziko wapi nyingine?" aliuliza mmoja.

Angeweza kusema ameibiwa. Lea anasema hata yeye, mtoto, aliomba mama aseme ameibiwa. Dorika alisimama.

"Nimezitoa mimi. Walimfunga shemeji yangu kwa kodi, nikamlipia. Nilikuwa nazirudisha, sijamaliza."

 Uani pakawa na kelele. Mtu mmoja alikipiga teke kibuyu kikapasuka. Mwingine aliingia ndani ya nyumba akatoka na sufuria. Ignas, yule kijana wa Mgori, alimkaribia Dorika mpaka wakaonana macho kwa macho.

"Wewe ndiye uliyetukataza kunywa," alisema. "Afadhali ningekunywa, mama. Ningekuwa nimekunywa vyangu."

Lea anasema maneno hayo yalimwumiza mama yake kuliko yote yaliyotokea siku ile.

Filipo alikuja mbio. Dorika hakumwacha aseme. "Mfungue ng'ombe," alimwambia. "Mpeleke dukani. Chukua watakachokupa."

"Shemeji, na mtoto atakunywa nini?"

"Mfungue."

Ng'ombe aliuzwa kwa bei ya mbuzi, maana wakati ule kila mtu alikuwa anauza. Dorika aliwalipa wachimbaji kadhaa. Alitoa jembe, akatoa kanga aliyoolewa nayo. Yule wa sufuria aliambiwa abaki nayo. Jua lilipoanza kushuka alibaki Ignas na rupia zake. Dorika hakuwa na kitu kingine isipokuwa zile rupia zilizorudishwa, na pale Sekenke hapakuwa na wa kuzinunua.

"Twende Singida," alimwambia Ignas. "Ndiyo njia yenu."

Walipanda mteremko pamoja, Ignas mbele, Dorika nyuma na mzigo kichwani.  Sonara alipima, akataja bei, ikiwa chini kuliko ile ya kwanza. Safari hii Dorika aliuza zote, kila moja, kwa bei ya kumfanya mtu alie. Alimlipa Ignas palepale mezani. Kilichobaki kilitosha debe la uwele.

Ignas alipokea, akazitazama shilingi. "Mama, na wewe?"

"Nenda kwenu, baba. Mama yako anakungoja."

Alirudi nyumbani hana rupia, hana ng'ombe, hana jembe. Msimu ule walilima kwa kuazima jembe la Filipo. Lea anakumbuka njaa kuliko anavyokumbuka sura ya baba yake. Anakumbuka mama amelala ameelekea ukutani mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Filipo na mkewe waliwagawia walichokuwa nacho, na walichokuwa nacho kilikuwa kidogo.

Mwaka uliofuata mashine mpya ililetwa, maji yakavutwa, kazi ikafunguliwa. Wachimbaji walirudi. Wachache waliuliza, yule mama wa rupia yuko wapi? Dorika hakwenda kutandika mkeka. Hakuwa na cha kutandika.

Ignas alifika mwenyewe mlangoni. Alipiga hodi, akaamkia, akafungua fundo la nguo. Zilikuwa rupia.

"Nimezikusanya kwa wazee wa Mgori. Wamenipa kwa kuniamini tu, mama. Nimewaambia zinakwenda kwa mtu wa namna gani. Uza, wapate chao, wewe upate senti zako."

Dorika alikataa kuzishika. "Unasahau kwamba nilizitoa zenu."

"Sijasahau," Ignas alisema. "Wengine hawajasahau pia. Wapo ambao hawatakuja kwako kamwe. Mimi nimekuja."

Ni kweli, wapo ambao hawakurudi kwake hadi alipofariki. Wengine walirudi. Dorika aliuza rupia kwa namna ile ile miaka mingi, hadi macho yalipomwacha. Hakuwa tajiri. Ng'ombe mwingine alimpata baada ya Lea kuolewa.

Siku zake za mwisho, Lea alimuuliza kama alijutia kumlipia Filipo kodi. Filipo mwenyewe alikuwa amekaa hapo kitandani. Bibi Dorika akasema, "Ningemlipia tena. Ila ningewaambia wenyewe kwanza, kabla ya kukiteremsha kibuyu."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole binti yake, Lea, na watoto wake. Tunampa pole Mzee Filipo, ambaye ameomba tuseme hewani kwamba hajawahi kuimaliza shukrani yake. Pole kwa ndugu wote wa Sekenke na Mgori. Mwaka huu bei za mazao zimeshuka tena, na wengi mnaosikiliza mmeshika mali za watu mikononi: wenye maduka, wenye vyama, akina mama wa kuweka na kutunza. Kama kuna kitu mlichokitoa, na mwenyewe hajui, mwendeeni kesho asubuhi mkamwambie, kabla hajaja yeye.

Mungu amlaze Bibi Dorika mahali pema, pamoja na Simeoni na mtoto wao Sara.